Nukta moja, vichocheo vitano: sindano, umeme, kidole, moksa au sikio?

Mgonjwa mpya katika kliniki ya tiba ya Kichina huja kwa ajili ya sindano (akupancha), kisha akajikuta anaulizwa maswali ambayo hakuyatarajia. Sindano tupu au za umeme? Apashwe moksa, yaani joto la majani makavu yanayowashwa? Abandikwe mbegu sikioni? Bei hazilingani, muda haulingani, na maelezo anayopewa ni yale yale kwa kila kitu: "inafungua chi," yaani nguvu ya uhai. Kwa maelezo hayo hawezi kuchagua. Zusanli, nukta iliyo chini ya goti, iko pale pale uichome, uibonyeze au uipashe moto. Kinachotofautiana ni kichocheo, na kila kichocheo kina maradhi yake, watu wasiokifaa, na makosa yanayoandamana nacho.

Ramani kabla ya kifaa

Tiba hii ya Wachina inahesabu mikondo mikuu 12, yaani njia ambazo chi inasemekana hupita, kila mmoja ukipita pande zote mbili za mwili, pamoja na mikondo miwili ya katikati: Ren mbele na Du mgongoni. Jumla ya nukta zilizo juu ya mikondo hiyo 14 ni 361, na mahali pa kila moja pamewekewa kipimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008. Mgawanyo haulingani hata kidogo. Mkondo wa Kibofu, unaoshuka mgongoni hadi kwenye kidole kidogo cha mguu, una nukta 67. Wa Moyo una 9 tu.

Kipimo ni cun, na cun hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe. Upana wa dole gumba lake kwenye kiungo ni cun 1. Vidole vinne vikibanwa pamoja, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho, ni cun 3. Hapa ndipo wanaojitibu nyumbani hukosea mara ya kwanza: baba mwenye viganja vipana anampimia mtoto wake kwa vidole vyake mwenyewe, nukta inahama sentimita mbili nzima.

Nukta nne zinatosha kwa ulinganisho huu:

Neiguan iko upande wa ndani wa mkono, cun 2 juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Neva kubwa ya kiganja inapita chini yake moja kwa moja.

Zusanli hupatikana mtu akiwa amekaa, goti limekunjwa. Tafuta kishimo kilicho chini ya pia ya goti upande wa nje, shuka vidole vinne, kisha toka nje ya mfupa wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Ukisikia mfupa, umekosea. Panapotakiwa ni kwenye nyama.

Sanyinjiao iko vidole vinne juu ya ncha ya fundo la ndani la mguu, nyuma kidogo tu ya ukingo wa muundi.

Hegu iko kwenye mkono, kati ya dole gumba na cha shahada. Wengi hubana ule utando mwembamba wa ngozi kati ya vidole hivyo. Nukta yenyewe iko juu zaidi, usawa wa katikati ya mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha shahada, na hubonyezwa kuelekea kwenye mfupa huo.

Je, mikondo ipo kweli? Ukipasua mwili huioni. Vitabu vya hariri vilivyofukuliwa Mawangdui mwaka 1973, vilivyozikwa mwaka 168 kabla ya Kristo, vinataja mikondo 11 na havitaji nukta hata moja, kwa hiyo ramani yenyewe ilijengwa kwa hatua. Majaribio makubwa ya Ujerumani kuhusu maumivu sugu ya mgongo, yaliyochapishwa mwaka 2007, yaligawa wagonjwa 1,162 katika makundi matatu. Kati ya waliochomwa kwenye nukta za kweli, asilimia 47.6 walipata nafuu; kati ya waliochomwa juujuu pasipo na nukta, asilimia 44.2; na kati ya waliopewa tiba ya kawaida, asilimia 27.4. Kwa mgongo, basi, kuchomwa kulisaidia kuliko kutochomwa, lakini mahali penyewe palileta tofauti ndogo. Mtaalamu anayekuambia kwamba anazo nukta za siri zisizojulikana na wengine, mwache na siri zake. Umakini wa mahali unahitajika kwa sababu nyingine: chini ya baadhi ya nukta kuna pafu, mshipa mkubwa wa damu, au neva.

Sindano tupu

Sindano inayotumika zaidi ni ya milimita 0.25 kwa upana na milimita 25 au 40 kwa urefu. Ya kutolea damu hospitalini ina upana wa milimita 0.8 hivi na uwazi ndani. Hii ya Kichina haina uwazi, na ncha yake husukuma nyama pembeni badala ya kuikata. Ndiyo maana wengi husikia mguso tu ngozi inapopenywa.

Utaratibu haubadiliki sana. Mgonjwa analala, ngozi inapanguswa kwa spiriti na kuachwa ikauke (spiriti mbichi ndiyo inayowasha, watu wakasingizia sindano), sindano inapenyezwa kupitia kijibomba cha plastiki, kisha inazungushwa taratibu mpaka mgonjwa asikie de qi: uzito, kujaa, ganzi au maumivu butu yanayosambaa. Neiguan huingia cun 0.5 hadi 1. Zusanli, yenye nyama nene, cun 1 hadi 2. Sindano zinaachwa dakika 20 hadi 30.

De qi ni ishara nzuri. Umeme mkali unaoruka hadi kwenye vidole ni kitu kingine: neva imeguswa, na sindano inatakiwa irudishwe nyuma mara moja. Mgonjwa asijikaze kwa kudhani ndiyo dawa inafanya kazi.

La kwanza linaloweza kuharibika ni kuzimia. Hutokea kwa mgeni, mwenye njaa, mchovu, au aliyechomwa akiwa amekaa. Jasho jembamba, uso kupauka, kichefuchefu: hapo sindano zote zinatolewa, mtu analazwa chali miguu ikiwa juu, na akishapata nguvu anapewa kinywaji cha sukari. Anayefunga Ramadhani apange kikao baada ya futari. Sindano kukwama ni jambo la pili. Msuli umeibana, kwa kawaida kwa sababu imezungushwa upande mmoja tu. Dawa yake ni kusubiri, kupapasa nyama iliyo jirani, au kuongeza sindano nyingine karibu ili msuli ulegee. Kuivuta kwa nguvu ndiko kunakoipinda.

La kuogopwa kweli ni pafu kutobolewa. Jianjing, nukta ya begani inayopendwa kwa maumivu ya shingo, iko juu ya ncha ya pafu, na kwa mtu mwembamba hakuna nafasi ya kucheza nayo. Vivyo hivyo nukta za mgongo wa juu kati ya mbavu: huchomwa kwa mshazari, hazichomwi wima. Ukipata kichomi na pumzi kukatika baada ya kikao, hata kama ni saa kadhaa baadaye, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulichomwa sindano kifuani au begani.

Sindano za umeme

Hapa sindano ni zile zile, ila zinaunganishwa mbilimbili kwa waya na kifaa kidogo cha betri. Faida yake kubwa ni kwamba kichocheo kinapimika. Mkono wa mtaalamu unachoka, na mtaalamu mmoja hazungushi kama mwenzake. Hezi 2, yaani mapigo mawili kwa sekunde, ni hezi 2 kwa yeyote. Han Jisheng na wenzake wa Beijing walionyesha kwamba mapigo ya polepole, hezi 2, huamsha enkefalini na endofini, na ya haraka, hezi 100, huamsha dainofini, zote zikiwa kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu. Kwa sababu hiyo mashine nyingi zina mpangilio unaopokezana, sekunde chache 2 na sekunde chache 100, na kwa maumivu ya mgongo au goti huo ndio wa kuanzia.

Nguvu huanzia sifuri na kupandishwa polepole hadi msuli urukeruke kidogo bila kuuma. Baada ya dakika tano hivi mgonjwa atasema haisikii tena; mwili umezoea, na mtaalamu anaongeza kidogo. Ikifika dakika 30 inatosha. Kuendelea saa nzima hakuongezi nafuu, kwa kuwa mwili huanza kuipinga.

Makosa ya kiufundi ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Sindano yenye mpini wa plastiki haipitishi umeme, na anayebana waya kwenye plastiki anamlaza mgonjwa nusu saa bure. Mpini uwe wa chuma. Vibanio vizito huivuta sindano nyembamba ikalala, kina kikabadilika. Na mashine lazima itoe mapigo yanayokwenda pande mbili kwa usawa: mkondo wa upande mmoja unaweza kuila sindano na kuichoma ngozi.

Asiguse kabisa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mwenye kifafa, na mjamzito kwenye tumbo au kiuno, waache. Kwa mtu yeyote, waya mbili za jozi moja zisikatize kifua kutoka mkono hadi mkono, wala zisiwekwe mbele ya shingo.

Kidole

Kubonyeza hudharauliwa kwa sababu hakugharimu kitu. Lakini kwa kichefuchefu, Neiguan ndiyo nukta yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine zote katika ramani, hasa kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji, na ushahidi huo unahusu vichocheo vya aina nyingi, zikiwemo bangili zenye kitufe. Mjamzito anayetapika asubuhi hana haja ya kuanza na sindano.

Dole gumba liwe wima na kucha fupi. Bonyeza mpaka usikie maumivu butu, zungusha taratibu, dakika 2 hadi 3 kila mkono, kisha rudia baada ya saa chache au kabla ya kupanda gari au boti. Kushindwa kwa kawaida kunatokana na uvivu: sekunde kumi, mguso mwepesi, halafu mtu anasema haifanyi kazi. Bangili nayo huteleza. Kitufe kikihamia juu ya kano badala ya kati ya kano, umevaa pambo.

Kidole hakifiki kwenye misuli ya kina. Mgongo uliokaza kwa miaka utapata nafuu ya saa chache tu.

Moksa

Moksa ni majani makavu ya Artemisia yaliyopondwa hadi yakawa kama pamba, jamaa wa ile artemisia inayolimwa Afrika Mashariki kwa dawa ya malaria, ila spishi tofauti. Husokotwa kuwa mche unaofanana na sigara nene. Mche ukiwaka hushikwa sentimita 2 hadi 3 juu ya ngozi, dakika 10 hadi 15 kwa kila nukta, mpaka ngozi iwe nyekundu na joto lizame. Mtaalamu anayejua huweka vidole vyake viwili kando ya nukta ili asikie joto analolisikia mgonjwa. Majivu hukung'utwa kila baada ya dakika moja au mbili, yakidondoka, yanachoma.

Kimapokeo moksa ni ya maradhi ya baridi na udhaifu: tumbo linaloumwa na kupoa ukilipasha, hedhi inayouma na kutulizwa na chupa ya maji ya moto, magoti yanayokaza wakati wa kipupwe. Homa, uvimbe mwekundu wenye moto, na kidonda kibichi havipewi moksa. Ukitaka kipimo rahisi cha nyumbani: kama joto la kawaida linakutuliza, moksa ina nafasi, kama linakuzidishia, ipite.

Matumizi yanayojulikana sana ni kwenye Zhiyin, pembe ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu, kwa mtoto aliyetanguliza matako. Huanzwa wiki ya 33 hadi 35, miguu yote miwili. Katika jaribio lililofanyika China na kuchapishwa mwaka 1998, watoto 98 kati ya 130 walikuwa wamegeuka kufikia wiki ya 35, dhidi ya 62 kati ya 130 wasiopewa moksa. Jaribio la baadaye nchini Italia halikuona tofauti. Ni jambo la kujaribu kwa idhini ya mkunga, huku mipango ya uzazi hospitalini ikiendelea kama kawaida.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asipashwe moksa miguuni. Ataungua bila kujua, na kidonda cha mguu wa kisukari kinajulikana kinakoishia. Mwenye pumu atasumbuliwa na moshi. Hata miche inayotangazwa kuwa haina moshi ina harufu kali.

Sikio

Ramani ya sikio inayotumika leo haikutoka kwenye mikondo ya kale. Daktari Paul Nogier wa Lyon, Ufaransa, aliichora miaka ya 1950 akiliona sikio kama mtoto aliyeinama kichwa chini, na Wachina wakaipokea na kuiendeleza. Utaratibu wa nukta tano ulioenezwa na hospitali ya Lincoln, Bronx, New York, miaka ya 1970 kwa waathirika wa dawa za kulevya sasa hutumika pia kwa wasiwasi na usingizi. Kama tiba ya kuachana na dawa za kulevya, usiutegemee peke yake.

Mbegu ni bora kuliko sindano za kudumu. Hubandikwa kwa plasta, mgonjwa anazibonyeza mara 3 hadi 5 kwa siku, na zinatolewa baada ya siku 3 hadi 5. Sindano ndogo zinazoachwa ndani ya gegedu, kwenye hali ya hewa ya joto na jasho, zinaweza kuleta maambukizi ambayo hutibika kwa shida na yanaweza kuliharibu umbo la sikio. Ukipewa chaguo, chukua mbegu.

Chuku, yaani vikombe vinavyovuta ngozi, hatukuiingiza kwenye mashindano haya, kwa sababu hufanya kazi kwenye eneo pana la nyama kuliko kwenye nukta moja. Ile kavu ya Kichina, isiyochanja, isichanganywe na hijama inayotoa damu; masharti ya usafi wa hijama ni makali zaidi.

Kwa kutazama haraka

| Kichocheo | Kinapofaa zaidi | Muda | Asiyekifaa |
|---|---|---|---|
| Sindano tupu | Kichwa cha mara kwa mara, shingo, kipandauso | Dakika 20–30 | Mwenye tatizo la damu kutoganda. Mwoga wa sindano |
| Umeme | Maumivu sugu ya mgongo na goti | Dakika 20–30 | Mwenye kifaa cha moyo, kifafa |
| Kidole | Kichefuchefu; kuendeleza tiba nyumbani | Dakika 2–3 kila nukta | Karibu hakuna, ila wajawazito wana nukta za kuepuka |
| Moksa | Maumivu yanayotulizwa na joto | Dakika 10–15 kila nukta | Ganzi ya kisukari, pumu, homa |
| Sikio | Wasiwasi, usingizi | Mbegu siku 3–5 | Ngozi inayodhurika na plasta |

Wajawazito: kimapokeo Hegu, Sanyinjiao na Jianjing haziguswi, hata kwa kidole, pamoja na tumbo la chini na kiuno. Ushahidi wa kisasa wa madhara ni mdogo, lakini hakuna maradhi madogo yanayolazimu kuzitumia kabla ya wiki ya 37.

Ukibaki kati ya mbili

Mgongo ndio unaoleta ubishi. Chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilipendekeza akupancha mwaka 2017. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, mwaka mmoja kabla, ilisema isitolewe. Wote walitazama majaribio yanayofanana. Wa kwanza walijali kwamba wagonjwa hupata nafuu; wa pili walijali kwamba nafuu hiyo haizidi sana ile ya sindano bandia. Ukiwa na maumivu na umeshajaribu mazoezi, hoja ya Wamarekani ina uzito kwako, na tungeanza na umeme. Kwa goti lililochakaa NICE ilikataa pia, mwaka 2022. Hapo pesa ya kwanza iende kwenye mazoezi ya misuli ya paja, kisha umeme kama nyongeza.

Kwa kichwa cha msongo, NICE hiyo hiyo inakubali hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Hegu ya kidole nyumbani katikati ya vikao haina ubaya.

Hedhi yenye maumivu: jaribu moksa au chupa ya moto tumboni pamoja na Sanyinjiao ya kidole, kuanzia siku chache kabla ya damu. Ikishindikana kwa mizunguko mitatu, nenda kwenye sindano, na kwa daktari wa wanawake pia.

Anayechagua mahali pa kwenda aangalie mikono ya mtaalamu kabla ya vyeti vya ukutani. Pakiti ifunguliwe mbele yako, iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi, na sindano zikitolewa ziende moja kwa moja kwenye kopo gumu la sindano zilizotumika. Zihesabiwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Sindano moja iliyosahaulika kwenye nywele, pale Baihui utosini, ni kosa la kawaida. Hakuna sababu ya kuchemsha sindano na kuzirudia siku hizi, na homa ya ini ya B haisamehi. Zanzibar imekuwa na timu za madaktari wa China tangu 1964, bara tangu 1968, kwa hiyo hospitali za serikali zenye timu hizo ni mahali pazuri pa kuuliza kabla ya kliniki ya mtaani.

Usilipie vikao 10 kwa mkupuo. Lipia vinne, viwili kwa wiki, na kabla ya cha kwanza andika namba kutoka 0 hadi 10 ya maumivu yako na jambo moja usiloweza kulifanya: kuinama kufunga viatu, kupanda ngazi, kulala ubavu. Baada ya kikao cha nne, kama namba haijashuka kwa 2 na viatu bado unafungiwa na mtu, badilisha kichocheo mara moja. Kikishindwa na cha pili baada ya vikao vingine vinne, acha.